Felisian na Kompyuta ya Kumi na Mbili

Pikipiki ilikwishaiacha Nachingwea, tope linaturukia mpaka kwenye meno, nami, mwomba lifti wa kwenda Narung'ombe, nimeng'ang'ania nyuma. Basi sogeeni, enyi wenye kompyuta nanyi mnaozisikia tu, msikie habari za Felisian, mtiisha nyaya, mwita mashine kwa majina, alivyoiendea Ruangwa kwa vita!

Vita vyenyewe ni hivi. Kampuni ya mbegu ilimpa kibarua huyu programu ya kuorodhesha kompyuta zake zote. Ukibonyeza, inazipigia mbiu kwenye mtandao, na kila moja inataja umri wake, nguvu zake na programu zilizomo tumboni mwake. Kumi na moja za Nachingwea zilisalimu amri kabla ya chai. Ya kumi na mbili, ya Ruangwa, kimya. Na karani wa huko alisema kwa simu, "Haichomekwi," akakata. Naye bosi, Mzee Harithi, alikwishatamka: "Orodha ikitimia kabla ya saa tisa, nakuajiri. Ikipungua hata moja, kesho usije."

Tukafika saa nane na nusu. Mlangoni kasimama karani, Bi Mwanaima, mlinzi wa ngome, waya wa mtandao kauzungushia mkononi kama nyoka aliyetekwa.

"Ewe mama mtukufu," akanena Felisian, "chomeka waya huo, kazi yangu imo ndani yake!"

"Sichomeki! Mwaka juzi radi ilinilia mashine."

"Mbona kweupe?"

"Hapa, ndiyo. Huko kwenu je? Radi ya Nachingwea si itateremka na waya mpaka huku? Mimi si mtoto, baba."

Jeshi zima lingerudi nyuma mbele ya hoja ile. Felisian akampigia simu Mzee Harithi huko Nachingwea, naye akatoka nje, akayakodolea mawingu macho kama jemadari.

"Upande wa Kilimarondo kweusi," ikaja sauti. "Ngoja... linapasuka! Wallahi, Bi Mwanaima, kweupe!"

Waya ukaingia. Mzee Harithi akakimbilia mezani kubonyeza, akarudi mlangoni kulinda wingu, akakimbia tena, anahema kwenye simu. Mara, huko kwake, pakanguruma.

"Nachomoa!"

"Mama, imefika asilimia tisini!"

"Radi haijui asilimia!"

Ndipo shujaa akaikumbatia kompyuta, kifua juu ya waya. "Ikija, inianze mimi!"

"Imejibu!" akapaza Mzee Harithi. "Zimetimia!"

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tatu. Tangu Ruangwa iitwe Ruangwa, hakuna mashine iliyotaja umri wake kwa kishindo kile. Iandikwe!

Felisian aliajiriwa. Mzee Harithi alinyeshewa, akaugua mafua siku nne. Kompyuta ilikutwa na miaka kumi na mitatu na programu moja inayofanya kazi, ya kuandikia barua. Bi Mwanaima aliuchomoa waya palepale, hajaurudisha. Mimi nilipata lifti ya Narung'ombe.