Kuku wa Tatu

Simba walimwogopa! Angalau ndivyo alivyosema mwenyewe kila Alhamisi kwenye televisheni, kofia ya ngozi kichwani, amechuchumaa kwenye majani marefu. "Hatua tatu kutoka hapa nilipo, mfalme anakula. Msipumue." Nchi nzima haikupumua. Watu wakambatiza Dume la Nyika, naye akalipokea jina kama urithi wa baba yake.

Ukweli ni kwamba mfalme alikula Jumatatu, mbele ya mpiga picha mmoja mkimya aliyelala garini siku tisa akimvizia. Dume alichuchumaa Jumatano, nyuma ya kituo cha televisheni, kando ya tangi la maji, kwenye kijishamba cha majani ambacho mtunza bustani alikatazwa kukifyeka kwa miaka kumi. Kuwakutanisha yeye na simba ilikuwa kazi ya mhariri. Hata lile kovu la mkononi alilodai ni la chui, lilikuwa la pasi. Mkewe alijua, maana pasi ilikuwa yake.

Nyumbani, mkewe ndiye aliyefukuza mijusi. Na kuku aliingia nyumba ile akiwa ameshakatwakatwa, kwa kuwa Dume aliwahi kudonolewa utotoni na hajapona hadi leo.

Basi akaja mkurugenzi mpya, asiyejua lolote kuhusu yale majani.

"Kaka, watu wamechoka na picha za kurekodi," alimwambia. "Alhamisi hii twende hewani moja kwa moja, hapa studio. Wewe na chatu. Ukifanya vizuri, nakusainia miaka mitano. Ukivuruga, kipindi nampa mtu mwingine."

"Chatu mmoja tu?" Dume akauliza, akicheka kwa meno.

Alipotoka tu akampigia simu mtunza nyoka. "Mlishe kwanza. Mlishe mpaka akinai."

"Kwa usalama wako?"

"Wa nyoka, bwana."

Alhamisi chatu akaletwa, mnene kama gogo, amelala fofofo. Mkewe Dume naye alialikwa, aje aeleze raha ya kuishi na shujaa.

"Nimempa kuku wawili," mtunza nyoka akanong'ona. "Wa tatu amemkataa, nimemwacha kwenye tenga chini ya—"

Dume alikuwa ameshampa kisogo: chatu amelala, mengine ya nini? Taa ya kamera ikawaka. Chatu akawekwa begani, asitikisike hata ukope ambao hana. Ujasiri ukampanda Dume.

"Mnaona, watazamaji? Mnyama humjua bwana wake!"

Chini ya meza, kitu kikajibu: "Ko-ko-ko."

Kuku akajipenyeza kutoka kwenye tenga, akarukia mezani, akajikung'uta, akamtazama Dume kwa jicho moja.

Dume akapanda kiti. Kutoka kitini akapanda kabati la vikombe vya tuzo, chatu akining'inia begani bado usingizini. "Mtoeni! Anadonoa huyo! Mke wangu, kuku!"

Mkewe akainuka bila haraka. Akamkamata kuku mbawa zote mbili, akambana kwapani, akamwelekeza mtunza nyoka namna ya kumshusha chatu, kisha akaigeukia kamera. Maneno yote aliyajua, kwani kwa miaka kumi mumewe alikuwa akiyakariri jikoni.

"Chatu hana sumu, wapenzi watazamaji. Yeye hubana tu, kama mnavyomwona mume wangu alivyolibana hilo kabati."

Kipindi kilipokwisha, mkurugenzi alimfuata mbio mama yule akiondoka na kuku kwapani. "Shemeji, Alhamisi ijayo una nafasi?"

"Ninayo. Ila mimi sichuchumai kando ya tangi. Nitakwenda porini na mpiga picha."

Kesho yake mtunza bustani akaruhusiwa kufyeka.

Siku hizi, kila Alhamisi, mama yule na simba huonekana kwenye picha moja, na nchi nzima haipumui. Dume hutazama akiwa chumbani, mlango ameuacha wazi upana wa jicho. Sebuleni kuna kiti kizuri mbele ya televisheni, kiti chake mwenyewe, lakini kimekaliwa na kuku wa tatu.