Mtihani wa Sinema ya Kihispania

Jumatatu, 8 Julai 1974
Barua ya Baba imefika. Nisipopata kazi ya maana mwezi huu, nirudi Malindi nikauze misumari dukani kwake. Kukunja kadi za harusi kwa mchapaji wa River Road, asema, si kazi ya mtu aliyemaliza kidato cha nne. Mimi Idarus, misumari! Nimeizunguka meza mara tatu nikiisoma. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Afisi moja ya utalii mjini inatafuta mtu wa kuwatembeza wageni kutoka Uhispania, na Kihispania nakijua. Karibu. Binamu yangu Amin, baharia, aliniletea rundo la majarida ya Kihispania ya hadithi za mapenzi za mfululizo, picha tupu, kila ukurasa mwanamke analia. Nimeyasoma yote. Yaani, nimeyatazama yote.

Jumanne, 9 Julai
Nimekwenda afisini. Mkuu ni Bi Hannah, miwani minene, hacheki. Mtihani wake: Jumamosi tutatazama filamu ya Kihispania isiyo na maandishi ya Kiingereza chini, kisha kila mtu amsimulie. Tumeomba wawili tu. Wa pili ni Kivuva, ambaye husoma Kihispania kwa padri wa Muthangari na kuandika kila neno daftarini kama karani wa mahakama. Darasa hilo hata mimi nimo. Nimehudhuria mara nne. Mvua, viatu, mambo mengi.

Jumatano, 10 Julai
Kichwa hakitulii. Nimekunja kadi mia mbili ndani nje. Bwana harusi katokea nyuma, karibu na anwani ya mchapaji. Nimefokewa. Jioni nikapata habari kwamba filamu hiyohiyo itaonyeshwa kesho katika ukumbi wa kanisa, Muthangari. Mjanja hangoji mtihani.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeiona. Nilichoelewa ni "buenas noches" tu, usiku mwema. Binti mrembo anagombana na baba yake, analia kisimani, mwishowe anapanda farasi na kijana mwenye masharubu, wanaondoka wakicheka. Rahisi mno. Haiwezi kuwa hivyo tu. Padri angenieleza, lakini angeuliza kwanza nilikuwa wapi miezi miwili. Nikamwendea mwendesha mtambo wa sinema, Mzee Jamleck, na kipande cha haluwa. Zamani alizunguka sokoni na gari la sinema, akiwatafsiria watu kwa kipaza sauti filamu za kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Akaniambia, "Hiyo picha naijua kama mfuko yangu." Kumbe binti alikunywa maji ya kisima yasiyochemshwa, akafa kwa kipindupindu! Nikauliza kuhusu farasi. Wa kumkimbiza hospitali, wakachelewa. Na kicheko? Ugonjwa huo, akasema, huanza hivyo. Nimeandika yote.

Ijumaa, 12 Julai
Nimeikariri hadithi nikitembea kutoka River Road hadi stesheni ya reli na kurudi, mara nne. Siwezi kukaa. Hata msikitini mawazo yalikuwa kisimani, astaghfirullah. Nimemkuta Kivuva akidurusu daftari lake. Nikamhurumia.

Jumamosi, 13 Julai
Filamu ilipokwisha, Kivuva alianza. Alikiri kwamba maneno mengi yamempita, ila alichoona ni binti aliyekataa mume wa kuchaguliwa na baba, akatoroka na ampendaye. Nilijizuia nisicheke. Zamu yangu nikasimama, nikaeleza kisima, kipindupindu, farasi wa hospitali, nikamaliza kwa kuwasihi wote wachemshe maji. Bi Hannah akavua miwani. Akauliza binti alikufa sehemu gani ya filamu. Nikajibu kwamba alikufa baada ya mwisho. Kivuva akakohoa. Kazi kapewa yeye. Nimeumia, sifichi. Nimetembea mpaka nyumbani bila kumwamkia mtu.

Jumapili, 14 Julai
Kivuva amekuja kunipa pole. "Ndugu yangu, ungesema tu yenye uliona," akaniambia. Nikamshukuru kwa adabu. Hataki kunifichulia siri yake, lakini mimi si mtoto: alimpata mwendesha mtambo bora kuliko wangu.

Nimesikia afisi nyingine inataka mtu ajuaye Kijapani. Nimemwandikia Baba anivumilie wiki mbili. Kosa langu lilikuwa moja tu, kumtegemea Jamleck peke yake. Safari hii nitauliza waendesha mitambo watatu, nifuate walio wengi.