Bibi Yetu Mehitabel na Watoto Wake Tisa

Kwa Bibi Katibu,
Chama cha Mabinti wa Waanzilishi,
Stillbrook, Connecticut.

Bibi Katibu,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa naandika kwa hasira. Barua yako ya Jumanne inasema mama yangu, Eunice Hatheway, hatavishwa utepe wa chama Jumamosi, kwa sababu bibi wa ukoo wetu tunayemtegemea kuingia chamani, Mehitabel Prindle, alifariki mwaka 1691 akiwa na miaka mitatu, hivyo hakuacha kizazi. Mama ana miaka tisini na moja, na gauni limeshapigwa pasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kifo hicho kiliandikwa na karani wa kanisa, Februari, wino umeganda. Mtu mwenye baridi namna ile huandika lolote, ilimradi amalize akaote moto.

2. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumpa mtoto mpya jina la nduguye marehemu. Basi alikuwepo Mehitabel wa pili. Mwasema rejista haimtaji. Kwani rejista hiyo imemtaja kila aliyeumbwa na Mungu?

3. Bi. Drusilla Copp mlimpokea kupitia babu mwizi wa nguruwe, aliyefungwa miguu kwenye mikatale hadharani. Wetu hakuiba hata yai.

4. Biblia ya familia, kwenye kurasa za kuandikia ukoo, inawataja watoto wote tisa wa Mehitabel kwa majina. Kama Biblia nayo ni mwongo, basi fungeni chama, fungeni na kanisa, sote turudi Uingereza tukaombe radhi.

Nasubiri utepe, pamoja na samahani ya maandishi. Wasalimie wanachama wote, na Bi. Copp pia, nasikia goti lamsumbua.

Mimi, mjukuu halali wa Mehitabel,
Lorna Hatheway

Tanbihi: Nimemsomea Mama barua hii, akacheka hadi meno ya bandia yakamtoka. "We Lorna, kurasa hizo za Biblia nilizijaza mimi! Bibi yako alikataa mwanawe aoe mtoto wa kituo cha yatima, eti sina ukoo. Nikaenda makaburini kutafuta jina zuri. Theluji ilikuwa imefunika miaka kwenye jiwe la kaburi, nikaona jina tu." Nikamuuliza, sasa mbona kila kiangazi unampelekea Mehitabel maua kaburini, na ulishaolewa zamani? Mama hautaki utepe tena, Bibi Katibu. "Yule hakupata watoto, mwanangu," akasema, "na mimi sikuwa na wazee. Tukafaana."