Shati la Saba

Jumatatu, 3 Juni

Siku imeharibika mapema. Mwenyekiti wa klabu yetu ya sataranji, ambaye kazi yake ni daktari wa meno, ameingia kiwandani kwangu kabla sijatia hata uzi kwenye cherehani. Kwapani ana kitambaa cha buluu. Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza na klabu ya ng'ambo ya reli na anataka mashati. Sita ya wachezaji, moja la mchezaji wa akiba. Nikamkumbusha kwamba klabu ina watu wanane. Akasema anajua, na kwamba kipande kitakachobaki nijishonee aproni.

Aproni! Na amelisema kwa upole, kama anavyomwambia mtu afunue mdomo.

Nieleze, maana shajara haicheki. Klabuni kuna ubao wenye misumari minane, na kwenye kila msumari kimening'inia kibati chenye jina la mtu. Ukimshinda aliye juu yako, mnabadilishana. Wa nane ndiye anayechemsha chai. Mimi nimechemsha chai mwaka mzima. Nimefika mahali nikisikia maji yanachemka popote, nasimama.

Anayeukalia msumari wa saba ni Bibi Mkunga, mstaafu, aliyezalisha nusu ya mji huu, mimi nikiwemo. Ijumaa nacheza naye. Nikimshinda, na nikibaki hapo mpaka orodha ya timu ifungwe Jumanne ya wiki ijayo, shati ni langu.

Nimeanza kukata leo hii. Nimeanza na la saba, kwa kipimo changu: mikono mirefu, mgongo mrefu. Bibi Mkunga ni mfupi na mpana. Hata alazimishe halimwingii. Ndiyo maana nimelikata mapema, ili nafsi yangu isipate pa kurudi nyuma. Mke wangu, ambaye anashona vifungo na kunifuatilia, ameuliza kama nimempima Bibi. Nimesema nimempima kwa macho.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata kitabu cha mbinu za sataranji kwa muuza vitabu vikuukuu. Kurasa za mwanzo zimechanika. Kinaanzia ukurasa wa thelathini na moja, kwa maneno "sasa ushindi ni wako, malizia hivi". Nimefurahi sana. Mambo ya mwanzo huwa ni porojo tu.

Jioni nimekijaribu klabuni kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi wa kufuli, msumari wa sita. Shida ni kwamba shemeji hakukisoma. Kitabu kinasema mpinzani atasogeza farasi. Yeye akasogeza ngome. Nikamngojea arekebishe. Hakurekebisha. Nikacheza kama kitabu kinavyosema hivyo hivyo, na malkia wangu akaliwa mchana kweupe.

Shemeji akanipa ushauri bila kuombwa: ati kabla ya kucheza nijiulize mwenzangu anataka nini. Nikamwambia kama ningependa kujua watu wanataka nini ningefungua hoteli. Kisha nikaenda kugawa chai. Mwenyekiti hataki sukari ila anataka ikorogwe kama ina sukari. Shemeji maziwa nusu kikombe. Bibi Mkunga tangawizi, na kikombe kile chenye ufa, kwa sababu kingine chochote anakirudisha. Sijakosea hata kimoja. Hakuna aliyeshukuru.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya: nitacheza na nafsi yangu. Hakuna mwalimu anayenielewa zaidi.

Nimetandaza ubao juu ya meza ya kukatia. Mimi kete nyeupe, na upande wa pili mimi tena lakini nikiwa Bibi Mkunga. Bibi ameshinda. Nikadai marudiano. Ameshinda tena, na safari hii nilikuwa nimemsaidia kidogo bila kujua. Nimekasirika hadi nikafunga ubao kwa kishindo, na kete zikaingia kwenye kapu la vifungo. Mke wangu ametumia mchana mzima kutafuta askari mweusi. Amemkuta keshashonwa kwenye koti la mtu, mahali pa kifungo cha tatu. Nani alimshona? Mimi! Ila akili yangu ilikuwa kwenye farasi.

Mwalimu wa shule ya jirani naye amerudisha suruali. Anasema miguu yote miwili ni ya kushoto. Nimemwomba atembee kwanza nione. Akatembea. Ni kweli.

Mke wangu amesema nina haraka, kwenye suruali na kwenye sataranji. Amesema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nimemjibu kwamba simba hana orodha inayofungwa Jumanne.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua siri ya wachezaji wakubwa. Ni macho. Wanamtazama mtu mpaka anakosa raha. Nimefanya mazoezi wakati wa kifungua kinywa, kwa mke wangu. Ameniuliza kama ni tumbo. Nikaongeza ukali. Akaniletea dawa ya minyoo.

Halafu aibu kubwa. Nimeshikilia shati la saba, limebaki kola tu, na Bibi Mkunga anaingia. Mwenyekiti amemwambia aje apimwe! Nimelikalia shati. Nikabaki nimekaa. Bibi akangoja niinuke kwa heshima, kama inavyompasa mtu wa umri wangu mbele ya mtu wa umri wake. Sikuinuka. Ikabidi nimpime nikiwa kitini, nikivuta kiti kwa makalio kumzunguka. Mke wangu alikuwa ameuma kanga asicheke.

Bibi akaniambia nimetulia siku hizi, jambo jema. Kisha akaanza ile hadithi yake. Kwamba kati ya watoto wote aliowapokea hajaona mwenye pupa kama mimi. Kwamba sikungoja maji yachemke, wala mama yangu alale vizuri, wala mtu awashe taa, na nilitanguliza miguu. Huisimulia kwenye harusi. Huisimulia kwenye misiba. Mwalimu wa suruali alikuwa mlangoni, ameisikia yote.

Nikamtolea yale macho yangu. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Ushindi! Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinalala, nisamehewe.

Niende kwa mpangilio. Kabla ya mchezo lazima chai, na chai ni kazi yangu. Nilikuwa jikoni klabuni nikifanyia macho mazoezi kwenye ubavu wa birika, maana linang'aa na linaonyesha sura. Nilijitisha mwenyewe. Nikarudi nyuma, kiwiko kikagonga birika, maji ya moto yakanimwagikia mkono wa kulia. Nikapiga kelele ambayo mwenyekiti anasema haijawahi kusikika hata kwenye kiti chake cha kung'olea meno.

Aliyekuja mbio ni Bibi Mkunga. Akanimwagia maji baridi muda mrefu, akatoa bendeji kwenye mkoba wake, akaufunga mkono wote, vidole ndani, kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akauliza tuahirishe? Nikasema kamwe. Ningeahirisha, angeanza kuniuliza habari ya shati alilopimiwa.

Tukaketi. Mkono wa kushoto hauna adabu. Kila nikiunyoosha unaangusha kete za jirani, na klabuni sheria ni kwamba kete ukiigusa umeicheza. Kwa hiyo ilinibidi nikae nimeufyata, nitazame kwanza njia ya mkono itapita wapi, kete ipi iko karibu, ipi ni ya Bibi, na inaelekea wapi. Katika kutazama huko nikaona farasi wake anamnyemelea malkia wangu. Anafanya nini pale? Nikamwondoa malkia. Bibi akainua nyusi. Zamu iliyofuata nikatazama tena, kwa sababu ya ule mkono tu, nikaona ngome yake haina mlinzi. Nikaichukua, polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Ikaendelea hivyo mpaka mfalme wake akakosa pa kwenda.

Shemeji akaja kuhakiki. Mwenyekiti akahamisha vibati kwa mkono wake mwenyewe. Mimi wa saba! Nilikigusa kibati changu mara mbili, nitalikubali hapa tu. Bibi Mkunga akanipa pongezi, akainuka akaenda kuchemsha chai. Chai yake ni maji ya kuoshea vyombo. Nimeinywa yote.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu amemalizia kola. Nimelivaa shati mbele ya kioo, kifuani limekaa kama ngozi. Nimelivaa pia kwenda dukani kununua uzi tulionao tayari.

Shemeji amepita na kusema jana nilicheza kama mtu mwingine, nilitulia, nilitazama. Mke wangu akasema hata yeye angesema hivyo. Wote wawili hawajui nadharia. Nimefikiria usiku kucha na jibu ni moja: mkono wa kushoto! Akili ya sataranji imekaa upande huo. Miaka yote nimekuwa nikicheza kwa mkono usiohusika.

Kuanzia leo kila kitu kwa kushoto. Kijiko, mkasi, mswaki, salamu. Nimempa mtu mzima mkono wa kushoto na amenisema vibaya. Nimestahimili.

Jumatatu, 10 Juni

Bibi Mkunga ameomba marudiano kesho, kabla orodha haijafungwa. Ni haki yake. Aombe tu!

Mazoezi yanakwenda vizuri mno. Mkono wa kushoto sasa una kasi kuliko ule wa kulia ulivyowahi kuwa. Natupa kifungo na kukidaka. Nahamisha kete zote kutoka ukingo mpaka ukingo kabla mke wangu hajamaliza kusema sikio la kufa halisikii dawa. Bendeji imetoka. Ngozi imepona, nyekundu kidogo.

Jumanne, 11 Juni

Sina maneno.

Nina maneno. Nilicheza kwa mkono wa kushoto, kama nadharia inavyotaka. Mkono ulikwenda kama umeme. Bibi anacheza, nami nimeshacheza. Watu walisimama kutazama. Nilijisikia bingwa, na nilikuwa nikimwonea Bibi huruma, kwa sababu alichukua muda mrefu huku mimi nikiwa nimeegemea kiti. Kisha akasema kwa sauti ndogo, mwanangu, mfalme wako. Nikatazama. Mfalme wangu alikuwa amekwisha. Malkia wangu sijui aliondoka lini, hata hakuaga.

Bibi akaniuliza kwa nini nilivua bendeji. Akasema alinifunga vile makusudi, mkono wenye pupa hufungwa. Nilicheka kwa adabu. Ukunga na sataranji wapi na wapi!

Kibati kimerudi msumari wa nane. Mwenyekiti amefunga orodha. Nikaenda jikoni kwa miguu yangu. Kilichoniumiza zaidi ni klabu nzima kupumua kwa raha niliposhika birika. Hata shemeji, damu ya mke wangu, alisema afadhali.

Jumatano, 12 Juni

Shati la saba limefumuliwa. Haikuwezekana kumwambia mwenyekiti kwamba kitambaa kilikatwa kabla ya mchezo. Mke wangu amefanya maajabu: kipande cha aproni amekitia mbavuni likapanuka, na mikono na pindo amevipunguza. Niliushika mkono wa lile shati alipokuwa anaukata. Machozi yalinilenga. Nimemwambia ni vumbi la chaki.

Kwa hiyo sina hata aproni.

Jumamosi, 15 Juni

Mechi. Nimebeba chupa mbili za chai mpaka ng'ambo ya reli. Mwenyekiti ameamka jino linamuuma. Daktari wa meno! Akashindwa hata kusema, ikabidi Bibi Mkunga, mchezaji wetu wa akiba, acheze mahali pake. Amecheza asubuhi nzima bila kuinua kichwa, nami nikimwekea kikombe chenye ufa kila kinapokwisha, tangawizi vile anavyopenda, kabla hajaomba. Ameshinda. Tumeshinda kwa mchezo wake huo mmoja. Wamempiga picha. Nilikuwa pembeni na picha imekamata chupa na kiwiko changu.

Bibi amewaambia wote kwamba bila chai yangu asingeweza, na kwamba mimi nikitaka najua mtu anataka nini hata kabla mwenyewe hajajua. Wakapiga makofi. Nilishindwa kuelewa hilo linahusu nini.

Jumapili, 16 Juni

Nimelala vizuri na kila kitu kiko wazi. Si mkono wa kushoto. Nilikosea, nami si mtu wa kung'ang'ania kosa. Ni bendeji! Siku niliyoshinda nilikuwa na bendeji, siku niliyoshindwa sikuwa nayo. Mtoto mdogo angeona.

Zile chane za kitambaa zilizokatwa kwenye shati la saba nilizificha ndani ya mto wa kulalia. Ni za buluu, imara, zinatosha kufunga mikono miwili. Nimezijaribu. Mkono wa kushoto bado unakwenda kasi hata ukiwa umefungwa, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Mwenyekiti amepita, shavu limevimba, ameyapenda mashati. Sasa anataka majaketi kwa ajili ya mechi ya Agosti. Saba. Ameniachia kitambaa kizito cha kijivu na hakutaja aproni, nafikiri ni kwa sababu ya lile jino. Mke wangu aliporudi sokoni ameniuliza kama safari hii nitangoja kwanza nimpime Bibi.

Nimeshalikata la saba. Mikono mirefu, mgongo mrefu.