Ngazi Inayoishia Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Vita imetangazwa! Binamu anakuja Jumamosi. Sio kutembea. Kuhamia! Tena anakuja na cherehani yake ya kukanyaga, yenye meza pana kama jeneza. Mama katoa hukumu huku anachambua mchele: chumba changu sasa ni cha Binamu, maana mwenzangu ana kazi mkononi, mimi mkononi nina simu tu. Mimi kochi la sebuleni. Kochi! Lile lenye springi inayotafuta mbavu za watu.

Nikamuuliza Mama, je, tukienea wote wawili na cherehani yenyewe? Kacheka mpaka mchele ukamwagika. Kasema chumba sio mpira, hakivutiki. Nikamwambia kwa ubavuni hakivutiki, lakini kwa juu je? Hapo akaacha kuokota mchele. Baba kashusha gazeti. Kasema haya, Jumamosi cherehani ikiingia na mimi bado nina pa kulala mle ndani, chumba ni chetu wote. La sivyo, kochi, na hataki kusikia manung'uniko.

Nimekubali palepale! Kitanda cha ghorofa. Mimi juu kama tausi, cherehani chini, na ngazi yenye droo katika kila kidato. Video nimeangalia mpaka simu imekuwa ya moto. Hakuna nisichokijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa seremala wa pale kona. Tunamwita Robo, kwa sababu kwake kila kitu kimezidi robo inchi au kimepungua robo inchi. Nimemmwagia mawazo yangu bure kabisa. Kauliza nimewahi kutengeneza nini. Nikasema kigoda. Kauliza kiko wapi. Nikasifia randa yake. Kaniita Injinia, na wote waliokuwa wanasubiri meza zao wakaangua kicheko. Sawa tu. Watakuja kunipigia magoti.

Mbao kaniuzia, lakini. Kila moja aliipiga jicho kama anaiaga.

Jioni nimechora mchoro. Karatasi kubwa sikupata, nimechukua ile ya Mama ya kuokea, nyembamba, inayoonyesha mpaka nyuma. Mchoro mzuri jamani! Unapendeza mbele, unapendeza nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Ngazi imesimama! Nimeikaza kwenye ukuta unaotenga chumba na sebule. Bolti ndefu, gundi chupa nzima, misumari juu yake. Hata tembo apande. Droo zinafunguka zote, isipokuwa mbili ambazo hazifungiki.

Baba kaona matundu ya ukutani. Kaapa kwamba nikitoboa tundu jingine hata moja, nitalala na kuku. Hatuna kuku. Kasema atanunua.

Kesho kitanda. Binamu, njoo uone watu wanavyoishi!

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kitanda kimekwisha, kipo juu, kigumu kama mwamba. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni niangalie kazi ya mikono yangu. Kuna kitu hakikukaa sawa. Nikainamisha kichwa. Nikainamisha upande wa pili. Kitanda kiko kushoto. Ngazi iko kulia. Katikati ni hewa. Ngazi inapanda vizuri, kwa heshima zote, inafika juu, na juu pale kuna ukuta. Basi.

Karatasi ile! Ngazi niliisoma mbele, kitanda nikakisoma nyuma.

Kung'oa haiwezekani, gundi imeshashika. Matundu mapya sina ruhusa. Mama alipochungulia nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa, ngazi ya pambo. Kauliza mtu anapandaje kitandani. Nikamwonyesha: mguu kwenye nondo za dirisha, mkono kwenye fremu, kujirusha. Kaondoka anazungumza na Mungu peke yake.

Basi angalau ipendeze. Mchana nimeipaka vanishi. Mama alikuwa sokoni, Baba kazini. Nimefunga mlango, nimeegemeza ndoo, nimekaa uani nikila upepo palepale mbele ya mlango.

Niliporudi kulikuwa na nyayo kwenye vanishi mbichi. Miguu mitupu. Kidato baada ya kidato, kupanda. Za kushuka hakuna. Ule wa mwisho kabisa, pale ngazi inapogusa ukuta, ni nusu. Kipo kisigino tu.

Vidole havipo. Vimeingia ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Ni Robo! Wivu tu. Nani mwingine? Asubuhi na mapema nimemfuata na kumwambia mbele ya watu kwamba ameharibu vanishi yangu. Kasema atakuja aone huo uchafu, apate cha kusimulia.

Kaingia anacheka. Kaiona ngazi, kacheka zaidi, kashika tumbo. Kauliza inakwenda wapi, mbinguni? Halafu kaziona nyayo. Bila kuombwa kaitoa futi yake, kapima unyayo mmoja. Kapima mguu wangu. Kapima ukuta, kwa kugonga na kucha, mara moja. Akaondoa mkono haraka kama aliyegusa pasi. Safari hii hakutaja robo inchi. Kaondoka bila kuaga na futi kaiacha sakafuni. Nimepata futi ya bure!

Mama kasema nyayo ni zangu na niache maigizo. Nikaweka mguu wangu mbele yake. Mimi navaa namba kubwa, na bado unyayo ule ulinizidi. Mwembamba, mrefu, kama wa mtu aliyevutwa. Mama kasema vanishi huwa inatanuka.

Mchana tulikuwa mezani wote watatu. Kidato cha kwanza kikalia. Nyiii. Halafu cha pili. Taratibu, bila haraka, mpaka cha juu. Baba kaacha kutafuna. Tukasubiri kilichopanda kishuke. Tukasubiri sana. Hakikushuka.

Baba kameza. Kauliza kwa sauti ndogo leo ni zamu ya nani kuosha vyombo.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Binamu kafika, cherehani imeingia chini ya kitanda kama ilizaliwa pale! Baba kaangalia, kakuna kidevu, kasema neno ni neno, chumba ni chetu wote. Mama kanikata jicho, lakini la kushindwa.

Binamu kakaa papo hapo akaanza kushona. Mimi juu kitandani, miguu inaning'inia, roho kwatu. Baada ya muda kauliza, bila kuinua kichwa, mbona shoga unapanda tu ngazi, kuna nini huko juu? Nikamwambia mimi niko kitandani tangu saa ile. Kaangalia juu akaniona. Kaangalia ngazi. Kasema ahaa, kumbe, basi angalau wana adabu, hawasemeshi mtu akiwa kazini. Akatia uzi kwenye sindano!

Kilichomkera yeye ni baridi. Kasema pale juu ya ngazi ukuta unatoa upepo, na upepo unamkaushia macho. Ukuta hauna dirisha wala ufa, ni ukuta! Kapanda mwenyewe na utepe wa kupimia mkononi, kashona pazia dogo la maua, kalitundika juu ya kidato cha mwisho. Kasema sasa pamekuwa kama mlango wa watu wastaarabu.

Neno mlango sikulipenda.

Alasiri kidato cha kwanza kikalia. Mimi nilikuwa nimelala, uso kwa uso na pazia. Vikalia vyote, mpaka cha juu. Pazia likatulia. Halafu likajikunja ukingoni, mikunjo midogo midogo, kama linavyojikunja likishikwa na mkono. Likasogezwa. Likarudishwa vizuri nyuma yao.

Nilitokaje pale sikumbuki. Kitanda hakina ngazi. Nilipita kwenye nondo, kwenye meza ya cherehani na kwenye bega la Binamu. Kalalamika nimempotezea mshono.

Nimeitangazia familia kwamba kwa moyo wa ukarimu namwachia Binamu chumba chote. Mama kaniuliza kama nina homa. Binamu kasema yeye hana neno, wale wanapita tu.

Jumapili, 9 Machi

Kochi. Springi. Sitaki kuzungumzia.

Asubuhi wote wamekwenda kumsalimia shangazi. Nimebaki kuuguza mbavu. Nyumba kimya, jua limejaa sebuleni. Ndipo nikasikia, juu ya kochi, karibu na dari, ndani ya ukuta. Miguu. Sio ya mmoja. Miguu mingi inasogea kidogo kidogo, inasimama, inasogea tena. Mtu anahema puani. Mwingine anasafisha koo. Kama foleni ya dirisha lisilofunguliwa.

Nikashika viatu nikimbie. Mkono uko kwenye kitasa.

Halafu kichwa changu kikafanya kazi. Wanapanda, hawashuki. Kwa nini hawashuki? Kwa sababu nimejenga upande mmoja tu! Kule chumbani ngazi ya kupandia ipo, huku sebuleni ya kushukia iko wapi? Maskini, wamekwama juu huko tangu Alhamisi, wanabanana, na kila siku wanaongezeka. Hili sio jambo la kukimbiwa. Hili ni kosa dogo la ufundi!

Mbao zimebaki. Gundi nitanunua. Tundu kubwa halihitajiki, hawa wanapenya ukuta hivihivi. Nimepanda juu ya kochi na futi ya Robo, nikagonga ukuta pale ngazi itakapoanzia. Miguu yote ikanyamaza. Wakagonga na wao. Juu kidogo.

Nikasogeza robo inchi. Nikagonga. Wakagonga palepale.

Wateja wangu wa kwanza, na wanajua wanachotaka! Robo atajinyonga kwa futi nyingine.

Mchoro tayari nimemaliza, kwenye karatasi ileile ya Mama. Safari hii nimekagua pande zote mbili, na kote unapendeza. Naanza kesho, kabla Baba hajaamka. Ngazi imetosha vizuri kabisa: inaanzia darini, inapita juu ya kochi, na kidato cha mwisho kinatua kwenye mto wangu.