Amri ya Kufuta Inayouliza Mara Mbili

Jumatatu, 9 Juni
Ofisi moja ya Mbarara inatafuta fundi. Sharti: jina lako liwe kwenye orodha ya waliojenga Sukuma, programu huria ya kupandisha tovuti kwenye seva za kukodi. Mwisho Ijumaa. Hapa kambini Nakivale nani mwingine ataweza? Mimi, Appolinaire. Sukuma bado haijui kupandisha kwenye lile wingu jipya linalosifiwa, kampuni ya kukodisha seva mtandaoni. Nitaifundisha. Nimetangaza kwenye ukurasa wao kwamba kazi hii nimeichukua, mtu asiiguse. Sijaanza.

Jumanne, 10 Juni
Meddy, kijana wa mtaa wa Ruti kule Mbarara, naye anaifanya! Miezi miwili sasa, kimya kimya. Baba yake mwanajeshi, umeme wanao siku nzima. Mimi nategemea sola ya dukani kwa Yvette. Halafu wingu limeninyima akaunti, kadi ya mkimbizi hawaitambui. Yaya Mariette, dada yangu, akauliza kwa nini nisimwombe Meddy akaunti yake. Nimwombe adui? Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimemwomba.

Jumatano, 11 Juni
Meddy kanipa funguo za akaunti yake, eti tusaidiane, ssebo, yaani bwana. Masikini. Nitamaliza humo humo kwake na kumtangulia. Kazi yangu yote nimeiweka huko, kompyuta yangu imejaa filamu. Majaribio yote yamepita. Mengine niliyaandika ili yapite tu.

Alhamisi, 12 Juni
Ilibaki amri ya kufuta, ya kusafisha fasi, yaani mahali, baada ya majaribio. Ilikuwa inauliza kama una hakika. Inachelewesha, nikaliondoa swali. Sekunde nne tu, ikafuta vyangu, ikafuta na vya Meddy, ikaniambia imefaulu. Yaya akasema nipige simu nikiri. Nikapiga. Nikamweleza Meddy kwamba hilo wingu lina matatizo mingi. Akacheka, akasema nakala anazo nyumbani, akataka kujua niliandika nini hasa. Nikamwambia. Aibu niliyoona, Mungu anajua.

Ijumaa, 13 Juni
Kazi ya Meddy imepokelewa. Lakini chini yake kaandika: shukrani kwa Appolinaire, kwa sababu yake amri ya kufuta sasa inauliza mara mbili. Nimo kwenye orodha! Na ofisi imeniita Jumatatu. Yaya analia kwa furaha.

Ila kuuliza mara mbili ni polepole mno. Jumatatu nitawaonyesha, kwenye seva yao wenyewe, namna ya kuyaondoa maswali yote mawili.