Kabine ya Siri ya Kabambare

Jumatatu, 9 Juni

Watu wa Kabambare hawana siri. Wala haya! Nimesimama kilimani asubuhi nzima nikiwatazama, na hadi sasa damu inachemka.

Mambo ni haya. Mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya soko, kwenye nguzo yenye misumari. Unatia simu ndani ya sashe ya plastiki, unaitundika msumarini, unafungua spika, unasimama chini na kupiga kelele. Ukiishusha, mtandao unakufa. Kwa hiyo kila mtu anasikia. Kusikia si kitu: wanajibu! Leo mzee mmoja aliongea na mkwe wake aliye Kindu, na kilima chote kikamsaidia. Mama Cadette, muuza mihogo, akamkumbusha mkwe habari ya mbuzi wa mahari. Mwingine akauliza kama mtoto ameota meno. Mkwe akawajibu wote, tena kwa furaha.

Na katikati yao, ameketi juu ya bidoni tupu la mafuta, Zacharie. Mpinzani wangu. Anauza kadi za simu na mayunite ya kupigia kama mimi. Hakumaliza hata sekondari, lakini anajua nani ana mgonjwa na nani ana kesi, na kadi zake zinaisha. Mimi nilisomea mawasiliano, chuo kizima, huko Kasongo. Kadi zangu zimelala kwenye begi.

Jumamosi Bwana Blaise, mkubwa wetu, analeta jile moja, kizibao cha kampuni, kutoka Kasongo. Atakayelivaa ndiye mwakilishi wa kampuni kwa Kabambare nzima. Nisipolipata, yaya Mathilde, dada yangu mkubwa, atanirudisha Kasongo, kwenye restora yake, kwenye masufuria ya sombe, majani yale ya mihogo. Ameshasema. Sirudi!

Nimepata wazo. Nitawapa watu hawa kitu ambacho hawajawahi kuwa nacho: faragha.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua kwamba mtandao unashika pia pembeni mwa shamba la Papa Tambwe, chini kidogo ya kilima. Ameniruhusu kusimika nguzo yangu. Nimeizungushia turubai la buluu pande zote, nikaweka mlango wa pazia. Nimeandika kwa rangi nyekundu: KABINE YA SIRI. ONGEA PEKE YAKO. Anayenunua kadi kwangu anaingia bure.

Mchana kutwa hakuja mtu. Mwishowe akaja Papa Tambwe mwenyewe, mbio mbio, ameshika tumbo. Akaingia. Akatoka amenuna, akaniuliza shimo liko wapi. Nikamweleza kwamba si choo. Akasema turubai na pazia pembeni mwa shamba ni choo, "hata mutoto anajua ile," kisha akakimbilia kwenye mihogo.

Nimeongeza maneno: SI CHOO. Msomi mzima, naandika vile!

Alhamisi, 12 Juni

Mteja! Mama Marie-Jeanne, mwimbishaji wa kwaya, heshima tupu. Alinunua kadi, nikamwandikisha daftarini kwa mwandiko mzuri, akaingia kumpigia mwanawe aliye Lubumbashi. Nilijikuta natabasamu.

Pazia halijatulia, kilima kimeshuka. Wote! Mama Cadette akauliza mama wa kwaya anaficha nini. Mwingine akasema labda anaongea na bwana wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Kufumba na kufumbua bwana huyo alikuwa na pikipiki, na jino la dhahabu, na jina. Mama Marie-Jeanne alipotoka alimkuta mume wake amesimama, jembe begani, akiuliza kwa upole kabisa alikuwa anaongea na nani.

Mama akapanda hadi kwa Zacharie. Akanunua kadi nyingine, kwake! Akampigia mwanawe upya mbele ya watu na kurudia maneno yale yale: viatu, malaria, sala. Mtoto akashangaa. Kilima kikamsalimu. Mume akacheka. Zacharie akamwambia mtoto asisahau kuwatumia picha ya hivyo viatu.

Kisha akageuka akanipungia mkono. Kunipungia! Mimi!

Ijumaa, 13 Juni

Nimefikiri sana. Tatizo si kabine. Tatizo ni Zacharie, anayewalea watu katika umbea. Mkubwa lazima ajue.

Niliingia kabineni, nikafunga pazia kwa kamba, nikatundika simu, nikafungua spika. Nilimweleza Bwana Blaise kila kitu, kwa sauti ya juu, maana mtandao ulikuwa dhaifu. Kwamba Zacharie ni mbea na hana elimu. Kwamba kilima hiki kimejaa wapiga porojo wanaohitaji mtu wa kuwainua.

Kisha sauti ya Mama Cadette, nyuma ya turubai, karibu na sikio langu. Akamwomba Bwana Blaise asinisikilize: "Huyu mutoto wa Kasongo iko na hasira ya njaa tu, hajakula tangu asubuhi." Jambo ambalo ni kweli, lakini linahusu nini? Papa Tambwe akaongeza kwamba nimejenga choo bila shimo. Mama Marie-Jeanne akaanza kusimulia yake tangu mwanzo. Bwana Blaise akauliza niko na watu wangapi ndani ya hiyo kabine ya siri. Nikasema niko peke yangu. Kilima chote kikacheka. Akaomba kuongea na Zacharie.

Walinisikiaje? Pazia lilikuwa limefungwa!

Jumamosi, 14 Juni

Bwana Blaise amefika kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi. Jile amevaa Zacharie. Linambana. Vigelegele.

Baadaye Zacharie akaja kwangu, akaniita dada Elsa, akaomba nimsaidie kuandikisha wateja kwa sababu mwandiko wake hausomeki. Mimi! Chini yake! Nikamjibu kwamba sikusoma miaka yote ile ili nikae miguuni pa bidoni.

Halafu ujumbe wa yaya Mathilde: pikipiki ya kunichukua inafika kesho. Nikasikia harufu ya sombe hapa hapa. Nimelia kidogo. Ni hasira tu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nilikwenda kumpigia yaya simu, nimsihi. Kabineni haikuwezekana: Papa Tambwe amechimba shimo. Ikabidi nguzo ya watu wote.

Nikawaomba wageuke. Wakageuka. Masikio hayageuki! Sijamaliza salamu, Mama Cadette akamwambia yaya asinichukue, kwamba mimi ni mkali lakini si mubaya, na chakula atanipa mwenyewe. Yaya akauliza kama nina kazi. Nikafungua kinywa niseme kweli. Zacharie akaniwahi: kazi ninayo, ndimi mwandikishaji wake. Mume wa Mama Marie-Jeanne akaapa ni kweli. Papa Tambwe akamshukuru yaya kwa choo. Yaya akacheka hadi akakohoa, akasema basi nibaki, pikipiki atairudisha njiani.

Sirudi kwenye masufuria! Lakini hasira niliyo nayo! Dada yangu mwenyewe, simu yangu mwenyewe, na sikupata nafasi ya kusema neno. Nani aliwaomba?

Kesho naanza kwa Zacharie. Kwa muda tu. Kosa nimeshaliona: ni turubai. Nimeongea na fundi. Kuta nene za matofali ya kuchoma, paa la bati, mlango wa mbao, dirisha hakuna. Humo hata pumzi haitatoka.

Na simu ya kwanza itakuwa kwa Bwana Blaise. Yako mambo ya Zacharie ambayo bado hajayasikia.